Ruhusa ya Kumchukua Mama

Kasiana alikuwa amebakiza siku kumi na mbili za kukaa nyumbani Songea, na jambo moja tu lilimkaba roho: ukoo umruhusu kumchukua mama yake, Fortunata, akaione Muscat alikofanya kazi ya uuguzi miaka saba, kisha wapande treni wazunguke Ulaya mwezi mzima. Jambo dogo, utasema. Thubutu! Mjane wa Kingoni wa miaka sitini na minne, aliyevuka Njombe mara mbili tu maishani, humbebi kama kikapu ukaondoka naye. Upande wa mume una neno. Na neno hilo lilikaa mdomoni mwa mtu mmoja, baba mdogo Kajetani, katekista mstaafu, ambaye Mungu alimjalia sauti kubwa akasahau kumtilia breki.

Mwaka ule wa tisini na tano Songea ilikuwa imefunguka kwelikweli. Maduka ya mtaani kwao Bombambili yalijaa chupa za chai kutoka Dubai, mitumba imemwagwa kila kona, na kila aliyekuwa na ndugu ng'ambo alitegemea redio, basi hata feni. Kasiana naye alileta nini? Albamu ya picha. Kila likizo alikuwa anakwenda zake Roma, Vienna, Lisboni, analala hosteli za masista, anakula mkate na samaki wa kopo ndani ya treni, anashuka anapopapenda. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Picha moja, aliyoituma zamani kwa barua, ndiyo iliyomponza. Ilipigwa siku ya Idi, sebuleni kwa bibi mmoja wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, mgonjwa wake wa zamani aliyependa kupiga naye soga kwa Kiswahili. Kasiana alikuwa amejitanda ushungi kwa heshima ya wenyeji. Basi! Picha ikazunguka mpaka kijijini Peramiho kwa baba mdogo. Keshasilimu huyo, watu wakasema, na sasa amekuja kumfuata mama yake.

Fortunata mwenyewe ndiye aliyepeleka ujumbe wa kuita kikao, Jumamosi, saa nne asubuhi. Kasiana akamkamata jogoo na tetea wawili, akamwita jirani yao Bakili, Myao wa Nakapanya, aje kuchinja. Bakili na mkewe Nasma walikuwa wamealikwa, na mtaa ule, ukitaka wote wale chungu kimoja, kisu anashika Mwislamu. Kila mtu wa Bombambili anajua. Kajetani wa kijijini, ambako wote ni Wakristo, hakujua. Ndiyo kwanza anateremka kwenye baiskeli, akasikia "Bismillahi, Allahu Akbar" nyuma ya jiko.

"Shikamoo, baba mdogo," Kasiana akamwamkia.

Hakuitikia. Akapita moja kwa moja hadi sebuleni, ukoo ulikokwisha kukaa, wala hakungoja maji ya kunywa.

"Ndugu zangu, mmesikia kwa masikio yenu," akaanza. "Kuku wanasomewa dua za Kiislamu katika nyumba ya marehemu kaka yangu! Mnataka ushahidi gani tena? Lisemwalo lipo."

"Baba mdogo, mimi ni Mkatoliki kama ulivyonibatizisha," Kasiana akasema. "Kila Ijumaa nasali..."

"Ijumaa! Kwa mdomo wake mwenyewe!"

"Misa, baba mdogo! Kule Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, hata padri..."

"Padri wa Ijumaa! Weee, nimefundisha dini miaka thelathini, huyo sijakutana naye."

Watu wakaangua kicheko. Kasiana alijisikia kulia kwa hasira. Wodini alikuwa na wauguzi ishirini chini yake, na hapa hamalizi sentensi moja. Safari aliyoiota miaka saba ilikuwa inamponyoka hivihivi, kwa ajili ya kuku.

Ndipo Fortunata, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, akakohoa.

"Shemeji, Pasaka ulikula nini hapa kwangu?"

"Kuku."

"Krismasi?"

"Mbuzi. Kwani vipi?"

"Na arobaini ya kaka yako, ng'ombe yule. Wote amechinja Bakili. Miaka kumi na minane anachinja hapa, ili na jirani yangu ale. Nawe hukuuliza, ulilamba vidole, ukaomba na shingo ufungiwe. Sasa kama kuku wa Bakili anasilimisha, wewe, shemeji, ni shehe mzima!"

Loo, kile kicheko! Bakili mlangoni alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kajetani akajifuta uso, lakini hakukubali kushindwa.

"Haya, dini tuiache. Ukifia huko? Nani atakuzika? Mama mtu mzima unakwenda kutafuta nini?"

Hilo lilimtisha hata Kasiana mwenyewe. Fortunata akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kitu kimefungwa pembeni mwa khanga. Akakifungua mbele yao. Pasipoti, mpya, na picha yake ndani amenuna kama hakimu.

"Nasma alinipeleka Uhamiaji tangu Kwaresima," akasema. "Mwanangu mwenyewe hajui."

Kasiana akaipokonya, akalisoma jina mara mbili.

"Kaka yako alikwenda mkonge Tanga miaka sita, nikamsindikiza. Wanangu wakaenda masomoni, nikawasindikiza. Huyu akaenda Uarabuni, nikamsindikiza stendi, nikarudi kusonga ugali wa mtu mmoja. Maisha yangu yote, kazi yangu kubaki na kupunga mkono. Nimechoka, shemeji. Nikifa huko, Mungu wa huko si ndiye wa hapa? Sikukuita uniruhusu. Nimekuita unisindikize."

Nasma akapiga kigelegele mpaka jirani wa tatu akatoka nje. Kajetani akauliza, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, basi linaondoka saa ngapi.

Asubuhi ya Jumatano alibeba sanduku la shemeji yake begani hadi ndani ya basi, akamwekea sawa, akashuka anapangusa macho. Fortunata alikaa dirishani, khanga mpya, mgongo wima. Injini ikanguruma. Ukoo mzima ukainua mikono pale stendi, na Kasiana, furaha imemjaa, naye akainua wake.

Mama yake akaudaka mkono ule, akaushusha mapajani.

"Acha," akasema. "Leo wa kupunga ni wao."