Mkasi Uliokuwa Tumboni kwa Mwanahija

Usiku wa jana sikupata hata lepe la usingizi, kwa hiyo ndoto yenyewe nimeiota leo mchana, kichwa nimekilaza juu ya cherehani. Anayetaka kucheka acheke. Mimi sina nguvu za kucheka.

Mwanangu Mwanahija, wa miaka minne, anaharisha tangu juzi. Kila kinachoingia kinatoka. Nesi wa zahanati alisema ni wadudu wa tumbo, akatupa dawa na pakiti za chumvichumvi za kukoroga kwenye maji, kisha akanishika mkono. "Mama Mwanahija, ikifika jioni hajashika hata maji, usikae nyumbani. Mkimbize hospitali." Nilimtazama mtoto, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mtoto ninaye huyo huyo.

Mimi ni fundi cherehani, hapa hapa barazani kwangu Muheza. Kila nguo ya mteja naibandikia kikaratasi kwa pini, nimeandika vipimo na mshono. Kikaratasi kikiwapo, nguo inashonwa. Ikiisha, nakichana kwa mkono, maana mkasi wangu ni wa kitambaa, na mkasi wa kitambaa haukati karatasi, unakufa makali. Asubuhi jirani yangu Asumini, aliyekuja kunisaidia kuuguza, alitaka kuufungulia pakiti ya chumvichumvi. Nilimfokea. "Hata leo, shoga?" Hata leo. Akaenda kutafuta kisu, kanuna.

Basi, nikalala pale pale kwenye kiti, futi yangu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Sindano ya cherehani inashuka, nami nashuka nayo. Sishangai. Napita kwenye tundu, natua mahali pana joto, penye unyevunyevu, kuta za rangi ya waridi zimekunjwa marinda kama sketi ya shule. Mbele yangu ni karakana ya ushonaji. Mafundi wamejaa, wote wana umbo la kidonge, hawana nyuso, na wanashona kwa kasi ya kutisha.

"Karibu, fundi," anasema mmoja mwenye masharubu. Uso hana, masharubu anayo. "Mimi ndiye msimamizi. Umechelewa."

"Hapa ni wapi?"

"Tumboni kwa Mwanahija. Sisi tumeingia na maji ya kisima. Wewe sijui umepitia wapi, lakini mgeni ni mgeni."

Ningempiga, ila sikujua nianzie wapi, maana shavu hana.

"Mnashona nini?" nikamuuliza.

"Mikia. Ya kuogelea. Tukifika ukutani tutaacha mikia, tutashona sindano."

"Sindano za nini?"

"Za kumdungia," anasema, kwa adabu kabisa. "Tukimdunga ukuta unavuja. Ukivuja sana, kazi yetu imekwisha. Na yake pia."

Katikati ya karakana kuna kitabu kikubwa kisichofungwa wala kuhamishwa. Waandishi wananakili ukurasa kwenye kikaratasi, kikaratasi kinapelekwa kwa mafundi, mafundi wanashona kilichoandikwa. Utaratibu wangu huo huo, wameuiba wote mpaka pini. Kikaratasi kimesema MKIA, nao wanashona mkia.

"Mtajuaje kuacha?" nikauliza.

"Sisi? Hatujui kitu. Kikaratasi kikiwapo, kinashonwa. Tungeachwa hivi hivi, tungeshona mikia mpaka kiyama." Akaelekeza masharubu yake pembeni. "Anayetuachisha ni yule."

Nikageuka. Lahaula! Mkasi wangu. Mkasi wangu mwenyewe, wenye uzi mwekundu nilioufunga mpinini usije ukaibwa, umeketi juu ya lundo la vikaratasi unatafuna. Kra, kra, kra. Unatafuna kikaratasi, unatema herufi moja moja, na waandishi wanaziokota kwenda kuandikia vingine.

"We mkasi! Unakula karatasi?"

"Kwako ulininyima," mkasi ukasema, mdomo umejaa. "Miaka yote kitambaa, kitambaa tu. Huku nimepata kazi ninayoipenda. Nisipokata amri ya zamani, mpya haina nafasi. Wananiheshimu sana huku."

"Ni mwanangu huyu!"

"Najua. Ndiye niliyemkatia gauni la Idi."

Kengele inalia. Msimamizi anapaza sauti: "Ukuta!"

Nafumba macho na kufumbua, karakana iko barazani kwangu. Vidonge vimekaa kwenye mkeka wangu, vyerehani vimepangwa mpaka kwenye ngazi, na ukuta wa nyumba umekuwa wa waridi, una marinda, unapumua. Unapumua harakaharaka, kama anavyopumua mwanangu tangu jana. Kisha ukuta unasema kwa sauti ndogo, "Mama, kiu."

Nikapiga yowe, halikutoka. Wale mafundi hawakuinua hata vichwa. Mwandishi mmoja anapita mbele yangu amebeba kikaratasi kipya, wino haujakauka: SINDANO. Anakibandika, anasubiri. Wote wanasubiri. Mkasi unashuka kutoka kwenye lundo, unatembea kwa ncha zake mbili juu ya saruji, ko, ko, ko, unakwenda kukata kile cha mkia.

Nikasimama mbele yake kuuzuia.

Mkasi ukaniangalia kifuani. "Kumbe na wewe unacho."

Nikainama kutazama. Kweli, kwenye dera langu kuna kikaratasi kwa pini, mwandiko wangu mwenyewe: MAMA.

"Hicho nikikikata inakuwaje?" mkasi ukauliza, lakini haukuwa unaniuliza mimi.

"Anaacha," akajibu msimamizi. "Atakaa tu hapo. Akisikia mtoto analia, atadhani ni wa jirani."

Sijawahi kuogopa vile. Kufa naogopa kama kila mtu, ila hili lilikuwa jingine. Nikarudi nyuma, mkasi ukaja. Ukauma pindo la dera, krii! Ukapanda. Nausikia ubaridi wake gotini, nausikia pajani, na ule ukuta unaita, "Mama, Mama," na kila unapoita nachelewa kidogo kukumbuka anayeitwa ni nani.

Ndipo mikono yangu ikafanya kazi bila kuniuliza. Ikavua futi shingoni, ikauzungushia mkasi mdomoni, ikazungusha tena, ikakaza, ikapiga fundo langu la kumalizia pindo, lile alilonifundisha marehemu mama, ambalo hakuna fundi mwingine Muheza anayelipiga.

"Mmm," ukasema mkasi. "Mmm! Mmm!"

Msimamizi akatazama kikaratasi cha SINDANO, akatazama cha MKIA.

"Cha mkia bado kipo," akasema kinyonge.

"Kikiwapo, kinashonwa," nikamwambia.

Wakashona. Walishona mikia wakabandikana mikia, mikia ikajaa mkeka, ikajaa ngazi, hakuna tena pa kukaa wala wa kushona sindano. Maji yakaja kutoka juu, ya uvuguvugu, yana ladha ya chumvi na sukari, yakawabeba. Hawakuwa na cha kushikia ukuta.

"Fundi, umetuharibia kazi," akasema msimamizi akipita na maji.

"Poleni," nikasema, maana nimelelewa.

Nikazinduka. Asumini yuko mbele yangu, mkono mmoja kikombe cha maji, mwingine pakiti mpya ya chumvichumvi.

"Amka, Mama Mwanahija. Mtoto anaomba maji. Ile ya kwanza nimemnywesha kidogo kidogo ulipolala, na hajatapika. Hebu nikatie hii, kisu sikioni." Akanyoosha mkono mezani, akasita. "Makubwa! Mkasi umeufunga futi ya nini? Bado na uchoyo wako tu, mtoto yuko hoi?"

Nikatazama. Mkasi umelala pale pale nilipouacha, mdomo umezungushiwa futi mara mbili, fundo ni langu. Nikalitazama dera. Pindo limechanika hadi pajani, mkato wa mkasi, umenyooka.

Asumini alishaanza kulivuta lile fundo.

"Usifungue!" Nilipiga kelele mpaka akaangusha kikombe. "Asumini, dada yangu, nakuomba. Usiufungue."

Pakiti niliichana kwa meno. Nilikoroga mwenyewe, nikaenda kumpakata mwanangu. Akanywa kijiko kwa kijiko, akanywa kikombe kizima, na hakikurudi. Alipomaliza alinitazama kwa yale macho yake yaliyoingia ndani, akaniuliza, "Mama, walikuwa wanashona nini?"

Nilimbeba, nikatoka naye barazani kuutazama mkasi. Fundo lilikuwa limelegea kidogo.

Nikalikaza.