Mahari pa Kulilia

"Zima hiyo," sauti ilisema kutoka mlangoni.

Flaviana hakuweza kujibu. Alikuwa amebana misumari midogo midomoni, kama wafanyavyo mafundi wa makochi, na nyundo ilikuwa tayari hewani. Juu ya rafu, simu yake ilikuwa ikipiga wimbo ambao karakana nzima iliuita wa matanga: gitaa linalodondoka polepole kama bomba bovu, besi nzito chini yake, ngoma inayochelewa makusudi. Kwa miaka mitatu alikuwa akiusikiliza kila siku. Aliijua sekunde ambayo mwimbaji huvuta pumzi, naye huvuta ya kwake papo hapo.

"Mteja amesema uzime!" alipaza sauti Mugenzi, mwenye karakana hiyo ya Kigali. "Yewe Flaviana, hiyo mziki yako iko inafukuza watu. Mtu anaingia kutafuta kochi, anatoka na huzuni."

Flaviana alitema misumari kiganjani, akageuka. Aliyesimama mlangoni alikuwa Shallon, mwimbaji mwenyewe, mfupi kuliko alivyomdhania. Alikuwa amekuja kukagua kochi lake jekundu, ambalo huimba akiwa ameketi juu yake. Flaviana alijua ni la nani tangu lilipoletwa. Kila mshono alikuwa ameurudia mara mbili.

"Dada, Jumamosi utauimba huu?" aliuliza. Tiketi ya onyesho alikuwa nayo. Hajawahi kuusikia kinywani mwa mwenyewe hata siku moja.

"Oya, hapana. Huo nimeufuta."

"Umeufuta?"

"Hukuona kwenye mtandao? Nilitaka kusema nipe mahali pa kulilia. Nikaimba mahari. Kwangu l na r ziko moja, sikio langu halizitenganishi. Mtanzania mmoja akaandika, 'Mahari pa kulilia! Ng'ombe wangapi?' Sasa kila nikipanda jukwaani mtu ananililia kama ng'ombe."

"Mooo!" alisema Mugenzi, akacheka peke yake.

Uso wa Flaviana uliwaka kwa hasira. Yeye ni wa Tabora. L na r zake hazijawahi kugombana. Kama kuna aliyestahili kucheka wa kwanza, ni yeye.

"Siku ya kwanza nilijua ni kosa," alisema. "Siku ya pili nikaona kosa lina akili kutuzidi. Mahali pa kulilia kila mtu anaomba. Wewe umesema kilio kinaposwa. Ukikitaka, toa kitu kwanza. Machozi hayaolewi bure, dada."

"Unanituliza tu, sha."

"Kaa hapo."

Shallon alikaa kwenye kochi, kisha akainuka. Sponji mpya ikafura, ikawa kana kwamba hakuwahi kukaa mtu.

"Umeona? Limekusahau. Likija kushika umbo lako, watu watakwambia limeharibika, uniletee nibadilishe. Mimi nasema siku hiyo ndiyo limekuwa lako."

Shallon alipapasa mshono kwa kidole. Halafu akamwambia Mugenzi kwamba gari litakuja kesho saa nane, akaondoka.

Jumamosi mchana ukumbi wa Kagarama ulijaa vijana waliovaa nyeusi. Nyimbo zilipita moja baada ya nyingine, na Flaviana, katika mstari wa nne, alikwishaanza kukata tamaa. Ndipo gitaa likaanza kudondoka.

Akakamata kiti cha mbele yake.

"Nipe mahali," aliimba Shallon. Aliitamka l kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji. Neno lilikuwa sahihi, na limekufa.

"Mooo!" mtu alilia nyuma hata hivyo. Kicheko kikapita ukumbini. Vidole vya Shallon viliganda juu ya nyuzi za gitaa.

Flaviana alisimama. Hata kanisani yeye huchezesha midomo tu, sauti haitoki. Leo ilitoka.

"Nipe mahari!"

Aliivingirisha ile r mpaka ikanguruma. Shingo zikageuka. Akaendelea.

"Nipe mahari pa kulilia!"

Kisha msichana wa pembeni yake akaitika. Kisha mstari mzima, halafu ukumbi, mamia ya vinywa vya Kigali, wengine wakisema l, wengine r, na hakuna sikio duniani ambalo lingeweza kuzitenganisha. Aliyejifanya ng'ombe hakusikika tena. Ngoma ikaingia kwa kuchelewa, kama ilivyopaswa, na Shallon akafumba macho, akaimba mahari kwa kifua chote, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka vioo vya madirisha vikalia navyo.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Shallon alisogea ukingoni mwa kochi, akaweka kiganja upande uliobaki wazi, akautazama mstari wa nne.

Mmoja baada ya mwingine, watu wa mstari huo wakaanza kukunja magoti yao pembeni, Flaviana apite.