Riwaya Iliyosomwa Mezani

Kosa ni langu. Vitabu vyote vya nyumbani nilivivika jalada la namna moja, karatasi za kalenda kuukuu za hospitali. Mume wangu aliposimama kutusomea sala kabla ya chakula, mbele ya mama yake, alikamata riwaya yangu akidhani ni kitabu cha sala. Na kwa kuwa amezoea kusoma bila kufikiri, alifika mbali: "Akaivuta ile ngozi taratibu, mithili ya mtu avuaye soksi." Ndipo akanyamaza. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

Aligeuka mbogo. Alitaka kujua analala na mtu wa namna gani, akaapa kwamba Jumamosi vitabu vyangu vyote vya aina hiyo atavitia moto. Mama mkwe alikichukua kile kitabu akaenda nacho chumbani, eti auone huo uchafu kwa macho yake.

Wiki ile nilikosa raha. Mimi ni muuguzi wa vidonda. Kutwa nafungua bandeji, natabasamu, namwambia mtu kidonda kinaendelea vizuri hata kama kinanuka. Uso wangu hauruhusiwi kushtuka. Kwenye riwaya zile za kuchunana ngozi nashtuka nitakavyo, naona kinyaa, nafunga kitabu, na hakuna aliyeumia. Halafu nalala fofofo, na asubuhi tabasamu la kazini lipo.

Jumamosi mume wangu alishika kiberiti, akamwomba mama yake kile kitabu. Mama akamwambia aketi kwanza.

"Baba yako nilimuuguza miaka miwili, mwanangu. Ule mgongo wake uliojaa vidonda vya kulala kitandani niliuosha mimi. Kila aliyekuja alisema tushukuru, anapumzika. Hakuna aliyetaka kuambiwa ilikuwaje. Huyu mwandishi ameandika mpaka harufu."

Mume wangu alitazama sakafu. Miaka ile alikuwa masomoni, mbali. Mgongo hakuuona, wala hakuwahi kuuliza.

"Zimebaki kurasa arobaini," mama mkwe akaniambia akinipa kitabu, "na macho yangu yamechoka. Hebu nisomee."

Nikasoma. Kwenye mambo mabaya sikuruka hata neno. Mume wangu alikunja uso, akaziba mdomo kwa kiganja, ila hakuondoka. Sura ilipokwisha akamgeukia mama yake.

"Baba aliumia sana?"

"Sana. Sogea nikusimulie."

Nikafunga kitabu, nikaenda kuwabandikia chai.