Mbegu Mikononi mwa Kanyamibwa

Nyiramana alizimwaga mbegu kwenye sahani, akainama. Ndogo kama ugoro, na nyingi zimepasuka. Zilikanyagwa siku walipokimbia kijiji chao cha Mushaki, fundo la kitenge lilipofunguka barabarani. Zilikuwa za mmea unaokula nzi. Majani yake hunata, nzi akitua haondoki. Kule kwao ulikaa dirishani pa chumba cha jibini, na jibini lake halikujua funza.

Mbegu hizo haziamki mpaka zilale kwenye baridi, na zilizoumia hulala zaidi, wiki sita. Kambini Lushebere hapakuwa na frigo. Lakini kila asubuhi mumewe, Kanyamibwa, alikuja kumjulia hali. Alikuwa amepigwa risasi akafa mlangoni pa zizi lao, akalala huko huko kilimani, kwa hiyo viganja vyake vilikuwa baridi kama maji ya chemchemi.

"Papa Aimée, unishikie hizi," Nyiramana alimwambia.

"Leta."

Nyiramana alizipaka majivu zisishike ukungu, akazifunga kwenye nyasi laini za mtoni zilizolowa. Kanyamibwa akafumba viganja, akaketi mbele ya hema. Hakuondoka tena. Wamama wenye watoto wa homa waliwaegemeza kwenye mikono yake, wakashukuru.

Édouard wa komite ya kambi akapita na karatasi zake. "Papa, bafu, bantu balishakufa, habaandikwake mu liste ya chakula."

"Siombi chakula. Andika tu mutu aliniua. Namujua jina."

"Ile iko liste ingine."

"Iko wapi?"

"Haiyafika bado," Édouard alisema kwa upole, akaenda hema la pili.

Wiki ya saba Nyiramana alizipanda kwenye kopo la maziwa. Zikaota tatu. Jani la kwanza kukomaa lilinasa nzi aliyeruka kutoka jichoni mwa mtoto wa jirani. Vidole vya Kanyamibwa vilikuwa vimekakamaa. Mkewe alivisugua kimoja kimoja.

"Sasa bakia hapa."

"Ng'ombe zetu ziko kule."

"Nani anazikama?"

"Ule aliniua." Alifikiri kidogo. "Anakama mubaya. Anaziumiza. Inafaa nimuonyeshe."

Nyiramana alitaka kukasirika, ila alikuwa ameishi naye miaka kumi na tisa. Akavua kitenge chake kizito, akamfunga mabegani, akamsindikiza mpaka barabarani.

"Usichelewe kurudi kwa hema, Mama Aimée, mvua inakuja," alisema mumewe, akapanda kilima kuelekea nyumbani.