Sauti Haipangi Foleni

Ruta ilikuwa nyepesi mno. Niliitoa kwenye boksi nikaipima kiganjani, nikahisi nimeshika ganda la yai. Antena mbili za plastiki, taa tano, na waya mfupi kama subira ya mama yangu. Dukani ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, nami nilikuwa nimeitwisha kazi nzito: kumfikishia kaka sauti ya mama kwa mtandao, nzima, bila kukatika.

Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi madaktari wangemfanyia mama upasuaji wa koo na kuondoa zoloto, kile kisanduku kidogo ambamo sauti hutengenezwa. Walitueleza bila kupindapinda: atapona, atakula, atacheka kwa mabega. Lakini sauti ile tuliyozaliwa tukaikuta ndani ya nyumba, basi.

Kaka anafanya kazi mbali, kwenye kiwanda cha kufungasha samaki, nchi ambayo jua huchungulia tu na kuondoka. Hakupewa ruhusa ya kuja. Aliniandikia ujumbe mmoja: "Nipatie nusu saa ya mama. Nusu saa tu, lakini isiwe na matundu." Tukakubaliana saa kumi alasiri, akitoka zamu.

Maana wiki nzima, kwa ruta yetu ya zamani, simu zetu za mtandaoni zilikuwa matundu matupu. Mama alianza sentensi, ikazama. Kimya. Kisha maneno yote yakamwagika kwa pamoja kama maharage kwenye mfuko uliopasuka, na kaka akabaki anauliza, "Eh? Mama? Rudia." Kurudia kulimuumiza koo.

Saa nane nikamwita Mama Waya, jirani yetu, fundi wa simu na redio anayefanyia kazi dirishani kwake. Aliingia na bisibisi nyuma ya sikio, kama mwingine anavyochomeka kalamu.

"Iko wapi hiyo ruta? Nyinyi mmesema ipo, mimi siioni."

Nami nilikuwa siioni. Nilipokwenda kuoga niliiacha mezani, inafanya kazi tangu asubuhi.

"Ipo," alisema mama kutoka kwenye kochi, kwa ile sauti iliyokwisha kukwaruzwa. Akaelekeza kidevu kwenye kabati la vyombo.

Huko ndani, nyuma ya kioo kilichofungwa kwa ufunguo, katikati ya vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kufikia cheo cha kuvinywea, ilikaa ruta. Kitambaa cheupe cha kufuma kilikuwa kimeifunika hadi antena, na waya wake umepenyezwa kwenye ufa wa mlango. Nyumbani kwetu kila chenye heshima huishia humo: cheti changu cha diploma, saa ya mkono ya marehemu baba, na sasa mtandao.

"Mama wa watu, umeifunga jela!"

"Nimeiheshimu."

"Iheshimu ikiwa nje. Kabati lako lina kioo mpaka mgongoni, na kioo cha kujitazamia kimepakwa madini. Mawimbi yanagonga humo yanarudi yalikotoka. Tena umeivisha shuka, inatoka jasho."

"Hata sioni jasho."

"Mama!" nikasema.

"Haya, itoeni. Lakini ikishika vumbi, msinijie."

Tukaipandisha juu, kwenye rafu katikati ya nyumba, antena zikisimama wima. Mama Waya akafungua ukurasa wa mipangilio kwenye kompyuta yangu, kwa zile namba zilizobandikwa tumboni mwa ruta. Akabadilisha nywila ya kiwandani. Akatazama chaneli za majirani, akasonya: mtaa mzima umejibana kwenye chaneli ya sita, kama watu wanaosukumana mlango mmoja na milango mingine iko wazi. Akatuhamishia ya kwanza. Kisha akatoka hadi barabarani na kumpigia mama kwa mtandao, majaribio.

"Hesabu, mama!"

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Wewe ni mtu mzima unahesabishwa…"

Kule barabarani tatu ilifika. Nne haikufika.

Saa tisa ikapita. Jua lilikuwa limeingia sebuleni kupitia pazia la kijani, na chumba kikawa kama chini ya maji. Mama alikaa katikati ya maji hayo, mikono mapajani, akisubiri kama anayesubiri kupigwa picha. Mama Waya alirudi na kuinamia kompyuta muda mrefu.

"Kuna kifaa humu ndani kinapandisha mzigo mtandaoni. Tangu asubuhi hakijapumzika. Na njia yenu ya kupandia ni nyembamba, uchochoro tu."

"Mnaongea nini nami niko hapa?" mama aliuliza.

Mama Waya akaenda kukaa karibu naye. Akamweleza kwamba sauti ikipita mtandaoni hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinaingia njiani peke yake. Kikikuta mizigo mingine mbele yake, magunia kwa magunia, kinasimama. Na kipande cha sauti kikichelewa hakina faida tena, kinatupwa.

Mama alikaa mapokezi ya kliniki miaka thelathini. Macho yake yalichangamka.

"Hiyo ni kliniki yangu hiyo. Anayehema vibaya anapita. Aliyekuja kugongewa muhuri anakaa benchi, hata awe amefika alfajiri, hata awe na tai."

"Umemaliza. Na ruta hii, kwa udogo wake wote, ina sehemu ya kuamuru hivyo." Mama Waya akabonyeza. Simu za sauti, kwanza. Vingine vyote, benchi. "Ila akili yake ni ya bei yake. Mzigo ukizidi inachanganyikiwa. Huyo mwenye magunia lazima atoke."

"Ni nani?"

Mama Waya akasoma jina la kifaa kwenye skrini, kisha akanitazama mimi. Kifaa kiliitwa Kitindamimba.

Ndilo jina nililoipa simu yangu. Ilikuwa dirishani, kioo chake kimelala chini, kama ilivyokaa wiki tatu zote. Ilikuwa inarekodi. Ndani yake hamna nafasi, kwa hiyo kila inachosikia hukipandisha mtandaoni papo hapo, nami nilikuwa naiacha isikie mchana kutwa.

"Namrekodi mama," nilisema.

Katika mwanga ule wa kijani niliuona uchochoro, nao umejaa. Mama anapiga chafya, mama anauliza nani kamaliza chumvi, mama anapita na ndala zake, saa kwa saa, magunia kwa magunia, yote ameyabeba binti yake. Na nyuma kabisa, kipande kidogo cha sauti kilichosema "nne" kimesimama, kinachungulia, mpaka muda wake umepita.

"Hata nilivyokuwa nakoroma?" mama aliuliza.

"Hata."

"Shenzi wewe." Akacheka, cheko likageuka kikohozi, akakitulizia kwa maji. Alipotulia, hakuwa anacheka tena. "Hiyo ya saa kumi nayo ulitaka kuirekodi?"

"Hiyo hasa."

"Naweza kuirekodi kwa simu yangu, haitagusa mtandao wenu," Mama Waya alisema taratibu.

"Hapana," mama akasema. "Hii ni ya kaka yako. Wewe umenisikia miaka yote hiyo mpaka ukanichoka, halafu ukanichokonoa tena kwa simu yako. Yeye ana nusu saa. Mwache ale peke yake."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno, mimi sikosi maneno. Nikaichukua simu dirishani, nikaizima, nikaona uso wangu kwenye kioo cheusi.

Saa kumi kamili kaka alipiga simu ya mama, tukaiweka kwa spika.

Walizungumza mambo ya ovyo. Soksi. Zipu ya koti lake. Kwa nini hali mboga. Mama alimwambia zile ndevu za kwenye picha ni za mbuzi, anyoe, kaka akasema baridi hainyolewi. Hakuna tundu hata moja. Nilijibanza ukutani nikijaribu kushika kila neno, na kila neno nililolishika lililitoa la kabla yake mkononi mwangu. Nikaacha kushika. Nikasikiliza tu.

Dakika za mwisho kaka alinyamaza. Tulidhani imekatika, Mama Waya akazitazama taa. Lakini alikuwa anavuta pumzi.

"Mama. Niite. Kama ulivyokuwa unaniita nikiwa nacheza."

Mama akainuka kutoka kwenye kochi. Huwezi kumwita mtoto ukiwa umekaa. Akakabili mlango uliokuwa wazi, akajaza kifua, akaita jina alilompa kwa kuwa aliongea kabla ya kutembea.

"Chirikuuu!"

Vikombe vikatetemeka kabatini. Barabarani mtu aligeuka. Sauti ilipasuka katikati, lakini mpasuko ule ulikuwa wake mwenyewe, haukuwa wa mtandao, na ulifika kule ulivyo, kwa sababu palepale, bila kuchelewa, mwanamume mzima mwenye ndevu alijibu kwa mbio kutoka kwenye baridi yake:

"Naam, mama! Nakuja!"