Habari Iliyojaza Mitungi

Gazeti alikofanyia mafunzo ya kazi lilipofunga ofisi yake ya Nakuru, mhariri alimpa Chepngeno kikombe chenye nembo na kumwambia kwamba siku hizi habari ziko mtandaoni. Chepngeno, mwanafunzi wa uanahabari, alimwamini. Jumamosi hiyo aliketi kwenye ngazi za ploti yao ya vyumba vya kupanga, upande wa chini wa mji, akafungua blogu. Akaandika kwa nini mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka tangu Pasaka: bomba lilikuwa limechepushwa kwenda Milimani, kwa matajiri, kujaza kidimbwi cha kuogelea cha Mheshimiwa Kibii, mwakilishi wao wa wadi. Picha alikuwa nazo. Alitaka kitu kimoja tu, bomba lirudishwe.

Msomaji wa kwanza alikuwa jirani, Mama Jebet, muuza githeri ya mahindi na maharagwe. Alipofika aya ya pili, simu yake ilianza kutoa maji. Aliiinamisha juu ya sufuria, akasoma mpaka ikajaa, kisha akaizima na kwenda kuinjika maharagwe.

Kufikia Jumatatu mtaa mzima ulikuwa unasoma, mitungi imepangwa uani. Yalikuwa maji mazuri, si kama ya kisima yanayotia meno rangi ya chai. Yalitoka kwa ukweli pekee. Chepngeno alipojaribu kunakili uvumi kuhusu ndoa ya mwimbaji fulani, simu zilitoa vumbi.

Ila hakuna aliyefika aya ya mwisho, lilipokuwa jina la Kibii, maana mitungi ilijaa mapema. Alipolihamishia jina juu kabisa, watu waliliruka. Maji ya kwanza huwa na kutu, walimweleza, huachwa yapite.

"Ile ya jana ilikuwa fupi," Mama Jebet alimwambia. "Leo andika ndefu, kesho ninafua."

"Lakini mathe, uliona mahali bomba lilienda?"

"Niliona. Hapo ndio maji yana presha."

Wiki iliyofuata Mheshimiwa alikuja na hema, viti na wapiga picha. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameisoma habari hiyo akiwa kando ya kidimbwi, na kidimbwi kikapanda kidogo. Alimshika Chepngeno mkono, akawaambia watu kwamba vijana wa namna hii ndio tegemeo la wadi. Kisha akamwinamia.

"Binti yangu, bado hujaandika kuhusu uwanja wa shule ya msingi. Huo pia niliuchukua. Andika, maji yatatufikisha Disemba."

Alikata utepe uliofungwa kwenye simu ya Chepngeno na kutangaza kwamba maji yamefika, kama alivyoahidi. Watu walipiga makofi. Chepngeno aliwatazama mmoja mmoja, akingoja swali kuhusu bomba. Mzee Micah, jirani yao, aliinua mkono. Aliomba habari ya uwanja itoke asubuhi, kabla watu hawajaenda kazini.

Chepngeno aliiandika, pamoja na hati zote na picha ya Kibii akitia sahihi. Ilitoa maji kuliko zote.

Alhamisi tingatinga la Kibii liliingia shuleni. Mwalimu mkuu aliwapanga watoto mstari darasani, akaisoma habari yote kwenye simu yake kwa sauti, taratibu, jina kwa jina, mpaka kila mtoto akajaza chupa yake. Kisha akawatoa nje, kwa sababu ukuta wa darasa ulikuwa umeanza kuanguka.