Kibuyu cha Cassien

Kwa miaka mitatu, kila Jumapili akitoka misa, Cécile alichomoa kizibo cha kibuyu cha marehemu mumewe, akanusa mara moja, akakiziba upesi. Humo ndani ulibaki uchachu wa pombe ya ndizi ambayo Cassien aliitengeneza mwenyewe, kwa mtama uliozidi kipimo. Majirani walimcheka kwa mtama ule, na bado walikunywa mpaka tone la mwisho.

Alhamisi, siku mbili kabla ya wakwe kuja kumposa binti yake Umulisa, Cécile alimkuta binti huyo jikoni na karai la maji moto, sabuni ya vyombo mkononi, kibuyu kwapani.

"Weka chini!"

Nusura kianguke. "Mama, kina ukoko ndani. Wageni watakunywa ukoko?"

"Huo ukoko ni baba yako!"

Wakatazamana, kisha wote wawili wakaangua kicheko. Umulisa akakaa kwenye kigoda.

"Nataka kiwepo siku yangu, mama. Si juu ya kabati. Katikati ya watu, kimejaa."

Cécile akakitwaa kibuyu kwapani mwake. Akikijaza, ile harufu si itakwenda na wageni?

Ndipo akaingia Ntakirutimana, seremala wa Gisozi, rafiki wa Cassien tangu ujana, na jerikeni ya juisi ya ndizi ya kutengenezea pombe ya wageni, aliyoinunua sokoni Nyabugogo. Alipoelezwa, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hiki si ua la kunusa. Kikiendelea kukauka hivi kitapasuka, na utafagia vipande."

Cécile akanusa mara ya mwisho. Akamimina juisi, akatia kiganja kimoja tu cha unga wa mtama uliokaangwa, akaziba. Sabuni haikukigusa.

Jumamosi wakwe walijaa chini ya turubai. Mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, ili wageni wajue pombe haina sumu. Ilikuwa kazi ya Cassien. Umulisa akakiweka kibuyu mbele ya mama yake.

Cécile akashika mrija, akavuta kidogo kwa woga. Uchachu ukampanda puani. Mtama umezidi! Kiganja kimoja tu, na umezidi! Ukoko ulikuwa umefanya kazi yake. Akafumba macho, akavuta tena. Akavuta tena.

"Mama," akaita mzee Bayingana, baba wa bwana harusi, "tumeshaamini haina sumu!"

Turubai zima likacheka. Ntakirutimana akapokea mrija, akavuta, akakunja uso wote.

"Wee Cassien! Mpaka leo hujajua kupima?"

Cécile akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Akamsogezea mzee Bayingana kibuyu, kisha akamvuta Ntakirutimana kwa mkono wa shati.

"Jumatatu niletee jerikeni nyingine," akasema. "Kisikauke tena."